Kimeng'enya Kinachorudi Nyuma, na Kile Kinachobaki Ndani ya Chupa

Katika bakteria aitwaye Citrobacter freundii, na katika mwenzake Erwinia herbicola anayeishi juu ya mimea, mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha tendo la kikemia, ambacho kazi yake ya asili ni kubomoa. Bakteria hao wakipata tirosini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zenye pete ya kaboni sita, kimeng'enya hicho huikata vipande vitatu: fenoli, piruvati na amonia. Piruvati huwa chakula, amonia huwa chanzo cha naitrojeni, na fenoli, isiyo na faida kwao, hutolewa nje kama taka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, miongoni mwao Hideaki Yamada na Hidehiko Kumagai, walilitazama tendo hilo la ubomoaji wakajiuliza kama lingeweza kuendeshwa kinyume. Waliweka pamoja fenoli, piruvati na amonia nyingi, wakaongeza kimeng'enya, na tirosini ikajengeka.

Nimekuwa nikilifundisha tukio hilo kwa miaka kadhaa, na kila mara wanafunzi hushangazwa na jambo lilelile: kwamba vitu vitatu vya kawaida kabisa, kimojawapo kikiwa kile kinacholipa harufu yake dawa la zamani la kusafishia sakafu za hospitali, vinaweza kuungana ndani ya maji, bila moto mkali wala shinikizo, na kuwa kiungo cha protini. Mshangao huo ni wa haki, nami naushiriki. Hata hivyo naamini kwamba umetufanya tutazame upande mmoja tu wa kazi. Tangu siku za Kyoto, kuunda molekuli kwa njia hii kumezidi kuwa kwepesi, na kila muongo unakuja na kimeng'enya kipya chenye uwezo mkubwa zaidi. Sehemu iliyobaki nzito ni kujua ni nini kingine kilichoundwa pamoja nayo. Katika eneo letu la Afrika Mashariki, ambako mazungumzo ya kutengeneza dawa hapa hapa kwetu yanaongezeka, nadhani mpangilio wetu wa mambo umekaa kinyume: tunaanza na pipa la kutengenezea, ilhali tulipaswa kuanza na meza ya kupimia.

Kinachotokea ndani ya kimeng'enya hicho, kiitwacho tirosini fenoli liasi, kinastahili kuelezwa polepole. Ndani ya mfuko wake hukaa molekuli ndogo ya piridoksali fosfati, ambayo ni ndugu wa vitamini B6. Molekuli hiyo huishika asidi amino kwa naitrojeni yake na kuvuta elektroni kuelekea kwake, hata vifungo vya kaboni vilivyokuwa imara vikalegea. Tirosini ikishikwa hivyo, pete ya fenoli hung'oka, na kinachobaki kwenye kishikio ni kipande cha kaboni tatu chenye nafasi wazi ya kupokea kitu kingine. Kikikutana na maji, kipande hicho huachana na kishikio na kuwa piruvati na amonia. Kila hatua kati ya hizo inaweza kwenda pande zote mbili. Piruvati na amonia zikiwa nyingi, kipande kilekile hujengwa upya, na fenoli iliyoingia mfukoni hujipachika mahali pake, daima katika pembe ileile ya pete na daima kutoka upande uleule.

Husemwa mara nyingi kwamba watafiti walikilazimisha kimeng'enya kirudi nyuma. Usemi huo unapotosha. Kimeng'enya hakina uwezo wa kubadilisha msawazo wa kikemia, yaani pale ambapo kubomoka na kujengeka vinalingana. Kinachobadilisha ni kasi ya kuufikia tu. Kilichoisukuma kazi upande wa ujenzi kilikuwa wingi wa amonia, pamoja na tabia moja ya tirosini ambayo kwa kawaida huwaudhi wanaoishughulikia maabarani: haiyeyuki vizuri. Lita moja ya maji katika halijoto ya kawaida haibebi hata nusu gramu yake. Kwa hiyo kila inapojengwa hutoka ndani ya myeyusho na kutua chini kama fuwele, na kwa kuwa imeondoka, msawazo huendelea kuitafuta nyingine. Kasoro ya molekuli iligeuka kuwa injini ya usanisi wake.

Thamani kubwa zaidi ya ugunduzi huo ilijitokeza pale fenoli ilipobadilishwa na katekoli, ambayo ni fenoli yenye kundi moja zaidi la oksijeni na haidrojeni. Kimeng'enya kiliipokea bila shida, na kilichotoka hakikuwa tirosini tena. Ilikuwa levodopa, dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson mpaka leo, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na msaidizi wake kabidopa.

Levodopa ilikuwa imejulikana muda mrefu kabla ya hapo. Mnamo mwaka 1913 Marcus Guggenheim, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche huko Uswisi, aliitoa katika maharage mapana ya Ulaya, akajaribu kumeza gramu mbili na nusu yeye mwenyewe, akatapika. Kwa miaka mingi watu waliiona kuwa molekuli isiyo na kazi ya maana. Mtazamo ulibadilika baada ya Arvid Carlsson wa Sweden kuonyesha, katika miaka ya 1950, kwamba dopamini, ambayo mwili huijenga kutokana na levodopa, ni kitu chenye kazi yake ndani ya ubongo, na baada ya Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz wa Vienna kuwachoma wagonjwa wa Parkinson sindano za levodopa mwaka 1961 na kuona watu waliokuwa wamekakamaa wakiinuka. Mwaka 1967 George Cotzias, akifanya kazi Brookhaven katika jimbo la New York, alithibitisha kwamba dozi kubwa za kumeza, zikiongezwa kidogo kidogo, humrudishia mgonjwa mwendo wake kwa muda mrefu.

Cotzias alianza na mchanganyiko, na hapa ndipo mantiki yote ya vimeng'enya ilipo. Asidi amino nyingi huja katika maumbo mawili yanayofanana kama kandambili ya kushoto na ya kulia: vipande ni vilevile, mpangilio ni uleule, lakini moja haiwezi kuvaliwa mahali pa nyingine. Kemia ya kawaida isiyo na mwongozo hutengeneza zote mbili kwa kiasi sawa. Mwili huitumia ya kushoto tu. Umbo la kulia la dopa, molekuli ambayo umbo lake la kushoto ndilo levodopa, halimsaidii mgonjwa hata kidogo, na baadhi ya wagonjwa wa Cotzias waliotumia mchanganyiko walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Walipohamishiwa kwenye umbo la kushoto peke yake, dozi ilipungua na tatizo hilo la damu likaacha kuonekana. Nusu ya dawa ile ilikuwa mzigo, na mzigo wenye madhara.

Kwa hiyo mahitaji yalikuwa wazi: tani nyingi za levodopa ya kushoto tupu. Jibu la kwanza la kiwanda lilitoka kwa wakemia. William Knowles na wenzake wa Monsanto nchini Marekani walibuni kichocheo cha metali ya rodiamu kilichozungukwa na molekuli zenye upande wake maalumu, kikaweza kuongeza haidrojeni kutoka upande mmoja tu. Kiwanda chao kilianzia kwenye vanilini, ile ile inayotoa harufu ya vanila, na kupitia hatua kadhaa kikafika kwenye levodopa ambayo karibu yote ilikuwa ya kushoto. Knowles alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2001 kwa kazi hiyo. Jibu la pili ni lile la Kyoto, ambalo kampuni ya Ajinomoto ililipeleka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1990: seli nzima za Erwinia herbicola zilizojaa kimeng'enya, katekoli, piruvati, amonia, maji, na hatua moja tu. Katika hali nzuri mavuno yaliyoripotiwa na watafiti hao yamepita gramu 100 kwa lita.

Nimewasikia wenzangu wakiilinganisha njia hizi mbili kana kwamba moja ni ya asili na safi, na nyingine ni ya chuma na chafu. Siukubali mlinganisho huo. Kazi ya Knowles ilikuwa ya kiwango cha juu kabisa, na njia ya kimeng'enya haikuepuka mafuta ya petroli kama inavyodhaniwa. Fenoli ya viwandani hutengenezwa kutokana na benzini na propilini, ambazo ni mazao ya petroli. Amonia hutengenezwa kwa mbinu ya Haber na Bosch, inayotegemea sana gesi asilia. Piruvati, ambayo kwa maumbile ndiyo iliyo karibu zaidi na chembe hai, ndiyo ghali kuliko zote tatu, na kwa miongo mingi imekuwa ikipatikana kwa kuichoma asidi ya tatariki inayotokana na mabaki ya utengenezaji wa mvinyo. Tunapoviita vitu hivi malighafi nyepesi, wepesi wake ni wa kuvichora ubaoni. Bohari ya kiwanda huvihesabu kwa namna tofauti.

Kuna wepesi wa aina nyingine, ule ambao mimea na bakteria wanaufahamu. Wao huanza na sukari. Vipande viwili vinavyotokana na sukari, kimoja chenye kaboni tatu na kingine chenye kaboni nne, huunganishwa, na baada ya hatua saba hufikia korismati, njia panda ambamo tirosini, fenilalanini na triptofani hugawana njia. Mfululizo huo huitwa njia ya shikimati, kwa jina la mti wa Kijapani, shikimi, ambako asidi ya shikimiki ilitolewa kwa mara ya kwanza na Johan Fredrik Eykman mwaka 1885. Wanyama hawana njia hiyo, na ndiyo sababu fenilalanini na triptofani hatuna budi kuzila. Tirosini tunaipata kwa kuibadilisha fenilalanini ndani ya ini. Mkulima yeyote wa kwetu anayepulizia glifosati shambani anaigusa njia hii bila kuitaja, kwa sababu dawa hiyo huua magugu kwa kukizuia kimeng'enya cha hatua ya sita.

Njia ya sukari inavutia, na leo fenilalanini na triptofani nyingi duniani hutengenezwa kwa uchachuaji wa namna hii, ndani ya matangi ya Corynebacterium glutamicum au Escherichia coli waliobadilishwa vinasaba. Ugumu wake ni kwamba chembe hai haitaki kutengeneza zaidi ya inachohitaji. Katika E. coli, kimeng'enya cha hatua ya kwanza kina aina tatu, na kila moja huzimwa na asidi amino yake: moja na tirosini, moja na fenilalanini, moja na triptofani. Kumfanya bakteria azalishe tani ni kuzivunja breki hizo moja baada ya nyingine, na kila breki inayovunjwa huacha vitu vingine vikirundikana pembeni. Njia ya kimeng'enya kimoja haina tatizo hilo, kwa kuwa seli haifanyi lolote isipokuwa tendo moja. Nikilazimika kuchagua kwa ajili ya dawa, nitachagua kimeng'enya kimoja. Kwa ajili ya chakula cha mifugo, ambacho lazima kiwe rahisi kwa bei, nitaiacha sukari ishinde.

Fenilalanini ina hadithi yake fupi ambayo watu wa Pwani wangeifurahia. Asidi ya sinamiki, jamaa wa kile kinachoupa mdalasini harufu yake, inakosa molekuli moja tu ya amonia ili iwe fenilalanini. Mimea ina kimeng'enya cha kuing'oa amonia hiyo, na ndicho kinachoanzisha safari ya kutengeneza ligini ya mbao na rangi nyingi za maua. Kilielezwa na Koukol na Conn mwaka 1961. Miaka ya 1980, soko la aspartami, kiongeza utamu kinachojengwa kwa fenilalanini, lilipoihitaji kwa wingi, kampuni ya Genex ya Marekani ilikiendesha kinyume kwa kutumia hamira ya jamii ya Rhodotorula, ndani ya amonia nzito kiasi ambacho viumbe wengi wasingevumilia. Mbinu ilifanya kazi. Uchachuaji wa sukari ukaishinda kwa bei.

Triptofani inahitaji indoli na serini, na kimeng'enya chake ni miongoni mwa vilivyochunguzwa kwa kina zaidi katika historia ya biokemia. Mwaka 1988 umbo lake lilipochorwa kwa mionzi ya eksirei, ilionekana kwamba kina vyumba viwili vilivyounganishwa na handaki lenye urefu wa takriban ångström 25: indoli huundwa katika chumba cha kwanza na kupita handakini hadi cha pili bila kutoka nje, ambako ingepotea. Maabara ya Frances Arnold huko California, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, ilikichukua chumba cha pili kutoka kwa kiumbe anayeishi kwenye maji ya moto sana, Pyrococcus furiosus, na kwa kukibadilisha kizazi baada ya kizazi ikakifundisha kufanya kazi peke yake. Dunia huhitaji triptofani kwa tani kwa sababu nafaka inayotulisha, mahindi, ina upungufu wake. Ndiyo maana wafugaji wa nguruwe huiongeza kwenye chakula, na ndiyo maana wataalamu wa mbegu walizalisha mahindi yenye protini bora, kama Lishe-K1 ya Tanzania.

Lakini narudi kwenye pipa la levodopa, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakokaa. Mtu akisoma mlingano wake ubaoni ataona vitu vitatu vikiingia na levodopa na maji vikitoka. Ndani ya pipa mambo hayako hivyo. Katekoli hupenda kuungana na oksijeni ya hewani na kuwa weusi unaonata. Kwa hiyo huwekwa salfaiti ya kuizuia. Katekoli hiyohiyo ikizidi huiharibu protini ya kimeng'enya, kwa hiyo huongezwa kidogo kidogo. Piruvati ikiwa nyingi, nayo hukutana na levodopa iliyokwisha kuundwa na kufunga pete mpya, ikizaa molekuli yenye pete mbili ambayo hakuna aliyeiomba wala kimeng'enya kilichoitengeneza. Tendo hilo ni la kemia tupu na huongezeka kadiri joto linavyopanda, na kwa sababu hiyo kazi huendeshwa kwenye ubaridi wa takriban nyuzi 15 za Selsiasi, ingawa kimeng'enya chenyewe kingefurahia joto zaidi. Tazama mpangilio huo kwa makini: joto, mwendo wa kulisha malighafi, kiasi cha kila kitu, vyote vimeamuliwa na vitu visivyotakiwa. Kilichotakiwa chenyewe hakikuwa na shida.

Kimeng'enya huchagua pembe ya pete na upande wa kandambili kwa ustadi usiopatikana popote. Hakina mamlaka yoyote juu ya kile molekuli zinachofanyiana zinapoelea nje ya mfuko wake. Sifa ya usahihi tunayokipa, ambayo ni ya kweli, huwafanya watu waamini kwamba pipa zima ni sahihi.

Mwaka 1989 dunia iliuona uzito wa tofauti hiyo. Mwezi Oktoba, madaktari wa jimbo la New Mexico nchini Marekani waliwapokea wagonjwa wenye maumivu makali ya misuli na ongezeko kubwa la chembe nyeupe za damu za aina ya eosinofili. Wote walikuwa wakimeza vidonge vya triptofani, vilivyouzwa madukani kama kirutubisho cha kusaidia usingizi. Mwezi uliofuata vidonge vilianza kuondolewa sokoni. Hatimaye waliohesabiwa walipita 1,500, na zaidi ya 30 walifariki. Uchunguzi ulielekea kwa mtengenezaji mmoja, Showa Denko wa Japani, aliyekuwa akizalisha triptofani kwa uchachuaji wa bakteria Bacillus amyloliquefaciens.

Triptofani hiyo ilikuwa safi kwa zaidi ya asilimia 99. Ndani ya sehemu ndogo iliyobaki, wachunguzi waliona kwenye kipimo cha kromatografia, kinachotenganisha vitu vilivyochanganyika na kuchora kila kimoja kama kilele, vilele vingi vidogo, wakavipa herufi, na kilele kilichoandikwa E ndicho kilichofuatana zaidi na makasha yaliyowafanya watu waugue. Kilikuwa molekuli mbili za triptofani zilizounganishwa na kipande cha kaboni mbili katikati yake. Kama kilikuwa ndicho kilichoua, au kilikuwa alama tu ya kitu kingine kilichosafiri nacho, hilo halikuthibitishwa, na sehemu ya sababu ni ya kusikitisha. Karibu na wakati mmoja kampuni ilikuwa imebadilisha mambo mawili: ilileta aina mpya ya bakteria iliyobadilishwa vinasaba ili izalishe zaidi, na ikapunguza kiasi cha mkaa ulioamilishwa uliotumika kusafishia kila mkupuo, huku sehemu ya bidhaa ikipitishwa pembeni ya chujio jingine. Bakteria mpya alileta mkusanyiko mkubwa zaidi tangini, na mkaa ukapunguzwa wakati uleule ambao ungehitajika kuongezwa.

Tangu hapo mabishano yamegawanyika kambi mbili, ya wanaolaumu uhandisi wa vinasaba na ya wanaolaumu uchujaji. Mimi naona kambi zote mbili zinaukwepa ukweli wenye manufaa zaidi. Mtu anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja amejinyima uwezo wa kujua, na asiyepima kila kilele, hata kile kidogo kuliko vyote, hana cha kurejea siku watu wanapoanza kuugua. Asilimia 99 ni sifa ya kitu tunachokijua. Haituelezi chochote kuhusu ile moja iliyobaki, na mtu anayemeza gramu kadhaa kila siku kwa miezi anaimeza na hiyo pia.

Ndiyo maana sishawishiki ninaposikia mapendekezo ya kuanzisha usanisi wa dawa kwa vimeng'enya katika Afrika Mashariki yakianza na pipa. Pipa si tatizo. Maji, ubaridi wa nyuzi 15, bakteria wanaotunzwa vizuri, na amonia ya kawaida viko ndani ya uwezo wa chuo chochote chenye maabara ya kweli. Molasi za viwanda vyetu vya sukari zinaweza kuwalisha bakteria hao. Kinachokosekana ni watu wanaoweza kukaa mbele ya karatasi ya kromatografia na kukataa kuondoka mpaka kila kilele kiwe na jina, na mashine zinazohudumiwa kwa wakati, na sampuli halisi za kulinganishia. Mahali ambapo tumewekeza katika upimaji matunda yanaonekana: mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Tanzania, ambayo leo huitwa TMDA, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti. Hatua hiyo haikusherehekewa kama kiwanda kipya kinavyosherehekewa, ingawa kwa maoni yangu ilikuwa kubwa kuliko viwanda vingi.

Haja yenyewe ipo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kutoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba, na wengi wa waliopatikana hawakuwa wamewahi kutambuliwa kabla ya hapo. Mtu wa namna hiyo hutembea kwa hatua fupi, mkono ukitetemeka, na majirani husema ni uzee. Akishatambuliwa, dawa anayohitaji ni hii hii ambayo bakteria wa majani huijenga kwa hatua moja, na ataihitaji kila siku, mara kadhaa kwa siku, mpaka mwisho wa maisha yake.

Wapo watakaoniambia kwamba levodopa tunayo tayari vichakani. Ni kweli. Upupu, ule unaowasha hata mtoto wa shule akalia, hubeba levodopa ndani ya mbegu zake. Ilitolewa humo mwaka 1937 na watafiti wa India, na majaribio ya kitabibu ya London mwaka 2004 na ya Bolivia mwaka 2017 yalionyesha kwamba unga wa mbegu hizo huwafaa wagonjwa. Kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu na kutoka shamba hadi shamba, na pamoja na levodopa mna vitu vingine vingi ambavyo mmea uliviweka kwa sababu zake. Mgonjwa anayepimiwa kwa kijiko anapimiwa kwa kubahatisha. Swali la upupu, kwa hiyo, ni swali lilelile la pipa la Kyoto.

Kwa sababu hiyo, kama ningeulizwa mradi wa kwanza uwe upi katika idara ya biokemia ya chuo chetu, nisingeomba pipa. Ningeomba gunia moja la mbegu za upupu, mashine moja ya kromatografia yenye fundi wake, na wanafunzi wanne kwa mwaka mzima. Wa kwanza angepima levodopa mbegu kwa mbegu. Wa pili angetenganisha umbo la kushoto na la kulia na kuonyesha kwamba la kulia halimo. Wa tatu angechanganya levodopa safi na piruvati katika nyuzi 15, 25 na 35, bila kimeng'enya chochote, akahesabu ile molekuli ya pete mbili inavyokua siku hadi siku. Wa nne angekaa na vilele vilivyobaki, vidogo, visivyo na majina, na asingeruhusiwa kuandika tasnifu yake mpaka avitaje.